Bin ami, kasha la Ami halitoki Lamu

Bin ami,

Barua pepe zako zote za kutaka karatasi za kashani mwa Ami, babako, zije huko kwako uzitie kwenye intaneti, nimezisoma. Sijajibu kwa sababu kila nikianza naiona baraza ile, siku ya khitma ya Ami, mkono unakataa.

Dua imekwisha, kahawa inapita. Mwalimu anawasimulia vijana habari za Habib Saleh: alivyokuja kutoka Ngazija, alivyowasomesha watoto wa watumwa na wa wageni ambao waungwana hawakutaka kukaa nao, hadi ukasimama msikiti wa Riyadha. Akataja mwaka. Wewe ukamkata: "La, Mwalimu, si mwaka huo," na simu ukatoa umuonyeshe. Mzee aliyekushika mkono chuoni ukaandika alifu ya kwanza! Akanyamaza. Vijana wakachekana, nawe ukaendelea tu, kana kwamba uko mbele ya wanafunzi wako huko.

Pengine mwaka wako ndio sahihi, sibishani na msomi. Lakini Mwalimu hakuwa akisomesha miaka.

Nisikudhulumu, kufundisha unajua. Siku tuliyokwenda Shanga, magofu ya mji wa kale kisiwani Pate, maji yamekupwa, tukashuka mashuani tukatembea matopeni, ulitueleza kwamba chini ya msikiti wa mawe wachimbaji walikuta mabaki ya misikiti ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ni ya karne ya 8. Wanangu bado wanahadithiana. Wallahi nilijivuna nawe.

Basi nikushauri, maana mimi ndimi mkubwa. Hao unaowasomesha historia ya jamii za Kiislamu waambie elimu hii ina wenyewe, na wako hai. Vitabu vya Riyadha vilivyoandikwa kwa mkono vilipigwa picha papo hapo Lamu, kwa mradi wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, na vyenyewe vikabaki. Kwa nini karatasi za Ami ndizo zipande ndege?

Najua unawaambia watu nimeng'ang'ania mali ya babako. Nani aliyekuwa akizianika baada ya masika? Nani aliyezitoa mbio dari lilipovuja? Mle ndani, pembeni mwa Barzanji, kitabu cha maulidi, mna tarehe tulizozaliwa, kwa mkono wa Ami. Mna na madeni ya nazi ya watu ambao wajukuu wao tunaamkiana nao kila asubuhi. Hayo nayo utayatia kwenye intaneti? Mimi sikuyaficha, niliyasitiri, na babako ndivyo alivyotaka, ingawa wewe hukuwepo kumsikia.

Njoo Mfungo Sita, kabla ya maulidi. Lete kamera, lete na hao wanafunzi wako ukipenda, tutakaa sote ukumbini tukifungua karatasi mojamoja, na isiyofaa kuonekana tutaiweka kando. Ufunguo ninao mimi, na kasha silifungui mpaka uwe umekwenda kwa Mwalimu ukampa mkono. Nenda wewe mwenyewe, usitume mtu wala bahasha. Na hoteli ya Shela usichukue tena. Chumba chako cha juu kipo, chandarua tumebadilisha.