Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayemleta mama Ocean Road

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta salama huko Singida. Umfikishie mama mdogo shikamoo yangu, umwambie pia kwamba namshukuru kwa kuniruhusu kuandika jambo hili hadharani. Alikubali kwa sababu anajua kuwa ziko familia nyingi zilizoshika karatasi ya rufaa kama yenu, na zote zinajiuliza lile uliloniuliza kwenye simu: tutalala wapi Dar es Salaam kwa muda wote wa tiba ya mionzi ya saratani pale Ocean Road, na kwa fedha gani?

Nianze na lililo zito. Wewe na mama mdogo mlitegemea kufikia kwangu Chanika, na mila zetu zinasema hivyo, kwamba mtu mwenye ndugu mjini halali gesti. Ningependa sana iwe hivyo. Lakini tiba ya mionzi haifanani na kliniki ya siku moja. Hutolewa siku tano za wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa mfululizo, na mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi kama mama mdogo mara nyingi hupangiwa vipindi vipatavyo 25. Kila kipindi chenyewe ni dakika chache tu juu ya mashine, ila kila siku ni lazima afike, kwa kuwa kuruka siku kunapunguza nguvu ya tiba. Kutoka Chanika inabidi tuamke saa kumi alfajiri, tugombee daladala hadi Kariakoo au Posta, tubadili gari, kisha jioni turudi njia hiyo hiyo tukiwa tumesimama kwenye foleni ya Pugu na Gongo la Mboto. Mtu mzima mwenye afya yanamchosha hayo. Mama mdogo, ambaye kuanzia wiki ya pili au ya tatu ataanza kuishiwa nguvu na kwenda chooni mara kwa mara, siwezi kumpeleka hivyo kila siku kisha nikasema nimempokea.

Kwa hiyo ninachokuomba ukubali ni hiki: siku za mionzi mlale mjini, karibu na hospitali kadiri mfuko utakavyoruhusu, na Ijumaa baada ya kipindi mje Chanika mpumzike hadi Jumapili alasiri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi mwenyeji nitapona zaidi nikimwona mama mdogo ameketi barazani kwangu Jumamosi akinywa uji, kuliko nikimwona amelala kwenye kiti cha daladala saa tatu usiku. Shangazi na wajomba nitawaeleza mwenyewe, wasije wakasema nimewafukuza.

Sasa, kabla hujamsikiliza mtu yeyote anayekutajia gesti nzuri, isome tena karatasi ya rufaa. Yenu imeandikwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, nami nimeiona picha yake. Nalisisitiza hili kwa ajili ya wengine wanaosoma, kwa sababu wengi wakisikia hospitali kubwa ya Dar es Salaam wanawaza Muhimbili, na hata Muhimbili yenyewe iko sehemu mbili: ya Upanga, iliyo karibu na katikati ya jiji, na ya Mloganzila, iliyo mbali huko nje kwa upande wa Barabara ya Morogoro. Aliyepewa rufaa ya Mloganzila akapanga chumba Kariakoo atalipia nauli na uchovu kila siku bila sababu, wakati Kibamba au Mbezi angepata chumba kwa bei ya chini zaidi. Na aliyeandikiwa mionzi akiwa anaishi Kanda ya Ziwa, amuulize daktari kama Bugando, Mwanza, itamfaa, kwa maana nako mionzi inatolewa.

Ocean Road iko ufukweni, jirani na Ikulu. Tangu Wajerumani walipojenga hospitali pale mwaka 1897, eneo lile limekuwa la ofisi za serikali na makazi ya wakubwa, ndiyo maana ukitoka getini hutaona gesti za watu wa kipato chetu. Chumba cha bei ya chini huanza kupatikana ukirudi nyuma kuelekea Posta, Kisutu na Mnazi Mmoja, na huzidi kupatikana ukiingia Kariakoo na Gerezani. Magomeni, Manzese na Sinza kuna gesti nyingi mno, na zipo za bei nafuu kweli, lakini Sinza nyingi zimepakana na baa, na zipo ambazo biashara yake hasa ni kukodisha chumba kwa saa. Milango hugongwa usiku kucha, watu huingia na kutoka, muziki haushuki. Mgonjwa hawezi kulala hapo.

Mahali pa kwanza nitakapouliza ni hosteli za taasisi za dini na za vyama vya kijamii, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikipokea wageni wa kawaida. Kuna Luther House ya Walutheri katika Barabara ya Sokoine na YWCA karibu na Posta, zote mbili zikiwa upande ule ule wa jiji ilipo Ocean Road. Kuna pia Kituo cha Msimbazi, Ilala, na hosteli ya Baraza la Maaskofu Katoliki, Kurasini, ambazo ziko mbali kidogo lakini zina utulivu. Hazibagui dini ya mgeni. Vyumba vyake hujaa haraka, hasa kunapokuwa na semina, kwa hiyo nitapiga simu mapema. Nawe ukifika hospitalini mwulize afisa wa ustawi wa jamii kama kuna malazi ya wagonjwa wanaotoka mikoani. Usione haya kuuliza, kwa kuwa ni sehemu ya kazi yake, na bima ya afya hailipii gesti.

Kuhusu bei, nataka tupige hesabu pamoja, kwa kuwa hapa ndipo wengi hudanganywa na namba ndogo iliyobandikwa ukutani. Tuseme chumba cha Magomeni ni shilingi 25,000 kwa usiku, na chumba cha karibu na Posta ni 35,000. Mtalala siku tano kwa wiki, kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, kwa wiki tano, yaani siku 25. Magomeni itakuwa 625,000 na Posta 875,000, tofauti ya 250,000. Utasema Magomeni ni nafuu. Lakini ukikaa Magomeni utapanda mwendokasi hadi Kivukoni, na kutoka Kivukoni bado kuna kipande cha njia cha kupita Feri na Ikulu, ambacho wewe utakitembea lakini mama mdogo akishafika wiki ya nne hatakiweza. Hapo utaanza kuchukua bajaji kutoka mlango wa gesti hadi mlango wa hospitali. Ikiwa ni 5,000 kwenda na 5,000 kurudi, kwa siku 25 umeshatumia zile 250,000 zote, na ndani yake hatujahesabu jua, foleni, wala siku ambazo mama atataka kurudi kulala mchana. Bei halisi ya chumba ni ile iliyojumlishwa na nauli, na kwa mgonjwa wa mionzi mimi nitachagua chumba cha karibu chenye kitanda kimoja kikubwa kabla ya chumba cha mbali chenye televisheni na friji.

Usilipe wiki tano kwa mkupuo. Mkifika hospitali, siku za mwanzo huwa hakuna mionzi. Kuna kufungua faili, kuhakiki majibu ya nyama iliyopimwa, kupima damu, kupigwa picha ya CT ya kupangia mionzi, na kuchorwa alama kwenye ngozi zinazoonyesha mashine ielekezwe wapi. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa, na wakati mwingine mgonjwa huambiwa arudi tarehe nyingine. Lipeni siku tatu au nne kwanza, kisha mkishapewa ratiba mzungumze na meneja kwa utaratibu, mkimweleza kwamba mtakaa wiki tano na kwamba mwisho wa wiki hamtakuwepo. Meneja mwenye akili atapunguza bei, kwa sababu mgeni wa wiki tano ni bora kuliko kukaa na chumba kitupu. Ulizeni vilevile kama mizigo inaweza kubaki stoo mnapokuja Chanika, na kila mkilipa mdai risiti.

Kuna aliyekushauri mpange chumba cha kawaida uswahilini kwa mwezi. Nimelifikiria, na silioni kuwa rahisi. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mara moja, dalali naye atataka chake, kisha mtanunua godoro, ndoo na jiko. Kwa wiki tano haifai.

Chumba chenyewe nitakwenda kukikagua mimi kabla hamjasafiri, tena nitakwenda jioni, muda ambao kelele za mtaa hujionyesha. Kitu cha kwanza nitakachotazama ni choo. Mionzi ya eneo la nyonga huleta kuhara na mkojo wa mara kwa mara, kwa hiyo chumba kiwe cha self, choo kiwe cha kukaa, na maji yatoke bombani nikiwa nimesimama pale, na nitauliza kama kuna tanki la akiba siku ambayo mtaa hauna maji. Chumba cha kushea choo, hata kiwe nusu bei, sitakichukua. Cha pili ni ngazi. Gesti nyingi za Kariakoo na Kisutu ziko ghorofani, nyingine hazina lifti, na zenye lifti husimama umeme ukikatika. Nitaomba chumba cha chini au ghorofa ya kwanza. Kisha dirisha linalofunguka, feni inayozunguka bila kelele, neti isiyotoboka, na kitasa kinachofungwa kwa ndani. Kiyoyozi kinaongeza bei, na mkija kati ya Desemba na Machi, joto la Dar litanifanya nifikirie kukilipia. Mkija Juni au Julai upepo wa kusi utatutosha, na fedha hiyo tutaiweka kwenye chakula.

Chakula kinahitaji mpango, kwa maana gesti haziruhusu kupika chumbani. Njoo na chupa ya chai ya kuhifadhia maji ya moto na vyombo viwili vyenye mfuniko. Karibu na Feri kuna mamalishe wanaopika samaki wabichi wa siku hiyo, na ukizoeana na mmoja atakupikia mama mchemsho usio na pilipili wala mafuta mengi. Kuhusu matunda na mboga, fuata atakachosema mtaalamu wa hospitali, kwa kuwa tumbo likianza kusumbua baadhi ya vyakula huzuiwa. Mletee mama madira mapana ya pamba, maana ngozi iliyopigwa mionzi haitaki nguo ya kubana, na mkumbushe asisugue zile alama anapooga.

Safari yenu ipangeni iishie mjini. Kwa kuwa mnatoka Singida, pandeni basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 inawafikisha moja kwa moja katikati ya Dar es Salaam, jirani na stesheni ya zamani ya Reli ya Kati. Mkija na basi moja kwa moja, litawashusha Mbezi, kwenye stendi ya Magufuli, na kutoka pale hadi mjini ni safari nyingine nzima kwa mtu mwenye maumivu. Tiketi ya treni hukatwa kwa kitambulisho, kwa hiyo kadi zenu za NIDA ziwe mkononi, pamoja na nakala kadhaa, kwa maana hata mapokezi ya gesti mtaandikwa kwenye daftari la wageni. Chagueni treni inayofika mchana. Nje ya stesheni watakuja vijana wa kuwabebea mizigo na kuwapeleka gesti wanayoijua wao, ambayo bei yake imeongezwa kamisheni yao. Wasalimuni kwa heshima na mnisubiri ndani ya jengo hadi nifike.

Na hili ulishike sana: usimtumie mtu yeyote fedha ya kushikia chumba kwa simu, hata kama amekutumia picha za kitanda kilichotandikwa vizuri na kukuhimiza kwamba kimebaki kimoja. Chumba nitakilipia mimi mwenyewe nikiwa mapokezi, kwa lipa namba yenye jina la biashara, nami nitakutumia picha ya risiti.

Ninachosubiri kutoka kwenu ni tarehe ya kwanza ya miadi. Ukishaipata nitumie siku hiyo hiyo, pamoja na jibu la swali moja ambalo nataka umuulize mama mdogo mkiwa wawili tu: anaweza kupanda ngazi ngapi kwa sasa bila kusimama? Jibu lake ndilo nitakaloenda nalo kwa mameneja.

Dada yako,
Chanika, Dar es Salaam