Malalamiko: Mnajaza gesi ya AC, hamtafuti inapovujia

Mbezi, Dar es Salaam
Februari

Kwa Meneja wa Gereji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KULIPISHWA GESI YA AC MARA KWA MARA BILA UVUJAJI KUTAFUTWA, NA KUTAKIWA KUNUNUA KOMPRESA WAKATI YA GARI LANGU NI NZIMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu, mwenye Toyota IST ya 2004 ambayo tangu Novemba inaingia na kutoka hapo kwenu kwa tatizo lilelile: AC haileti ubaridi. Feni inapuliza vizuri, hewa inatoka kwa nguvu, ila ni ya moto kama ya nje. Kila nilipoileta mafundi wenu walijaza gesi, nikalipa shilingi 80,000, ubaridi ukarudi, na baada ya wiki chache ukapotea. Safari ya mwisho nikaambiwa kompresa imekufa, nitafute shilingi 450,000.

Maelezo hayo siyakubali, na sababu zangu ni hizi.

Gesi ya AC haiishi kama petroli. Mfumo wake umefungwa. Kompresa inaisukuma kwenda kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, huko inapoa na kuwa kimiminika, inapita kwenye valvu nyembamba na kuingia kwenye evaporeta ndani ya dashibodi, inanyonya joto la ndani ya gari, kisha inarudi kwenye kompresa. Ni gesi ileile inayozunguka. Ikipungua ndani ya wiki chache, ipo sehemu inatoka. Nilimweleza hivyo kijana wa mapokezi, akanijibu, "Mama, magari ya zamani ndivyo yalivyo." Gari la zamani linaweza kupoteza gesi kidogo kidogo kwa miaka. Haliwezi kuimaliza yote kati ya Krismasi na katikati ya Januari.

Jinsi gesi hiyo ilivyojazwa ndiko kulikonisikitisha zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama palepale. Fundi aliunga hozi ya bluu, akafungua mtungi, akaingiza mkono ndani ya gari na kuweka kiganja kwenye tundu la hewa. Alipohisi baridi, akafunga. Mtungi haukuwekwa kwenye mizani, ingawa kuna kibandiko chini ya boneti kinachotaja aina ya gesi na gramu zake. Hozi nyekundu, ile ya upande wa presha kubwa, haikuguswa kabisa. Wala hakufunga pampu ya kunyonya hewa kabla ya kujaza. Kazi ya pampu hiyo ni kushusha presha ndani ya mabomba hadi maji yachemke kwa joto la kawaida na kutoka kama mvuke. Mfumo ukishakauka na pampu kuzimwa, geji inaachwa itulie kwa muda. Mshale ukirudi nyuma, kuna pancha. Hatua hiyo moja ingetosha kuwaonyesha tatizo tangu siku ya kwanza. Na unyevu ukibaki ndani unachanganyika na gesi na mafuta ya kompresa na kuzaa asidi, ambayo inakula chuma taratibu. Hewa ya Dar es Salaam mnaijua, haina ukavu.

Baada ya kutajiwa bei ya kompresa nilipeleka gari kwa fundi AC mwingine. Alianza gari likiwa limezimwa. Akaunga geji zote mbili, akanionyesha: kwenye joto la nyuzi 30, mfumo wenye gesi ya kutosha aina ya R134a unatakiwa usome presha ya karibu psi 95 pande zote. Wangu ulisoma chini ya 25. Akanieleza kwamba presha ikishuka kiasi hicho, swichi ya presha inakata makusudi umeme wa klachi, kifaa kinachoishikanisha kompresa na mkanda wa injini, ili isizunguke bila mafuta, kwa sababu mafuta yake yanasafiri pamoja na gesi. Kisha akachukua waya na kuugusisha kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye klachi. Ikalia "ta!" na kunata. Akaiwasha injini kwa sekunde chache, kompresa ikazunguka bila kelele yoyote.

Kompresa mnayosema imekufa ndiyo hiyo. Ilikuwa imezimwa na swichi inayoilinda.

Uvujaji wenyewe ulipatikana kwa maji ya sabuni. Pale bomba linapoungana na kondensa, upande wa kushoto chini ya taa, kulikuwa na doa jeusi la vumbi lililoshikana na mafuta. Alipuliza naitrojeni ndani ya mfumo, akapaka povu, na vipovu vikaanza kutoka kwenye kiungo, vidogo vidogo, bila kukatika. Oringi ya mpira imekauka na kupasuka. Video ya vipovu hivyo nimeiambatanisha pamoja na risiti zenu zote.

Labda mtaona ni jambo dogo, kwamba mtu anaweza kushusha vioo. Abiria wangu mkuu ni mama yangu mzazi. Ana pumu, na nampeleka kliniki Muhimbili kwa Barabara ya Morogoro. Kwenye foleni ya Ubungo, kushusha kioo ni kumvutisha moshi wa malori na vumbi. Kukifunga bila AC ni kumpika. Safari ya mwezi uliopita alifika kliniki anahema, inhela mkononi, na siku hiyo ilikuwa haijapita wiki mbili tangu niwalipe. Tena gesi hiyo haipotei bure angani: kilo moja ya R134a inapasha joto dunia mara 1,430 zaidi ya kilo moja ya kabonidayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Gereji inayojaza gesi kwenye mfumo unaovuja inaimwaga hewani kwa pesa ya mteja.

Naomba yafuatayo. Mnirudishie pesa zote za gesi isipokuwa za ujazaji wa kwanza, maana kuanzia wa pili mlishajua kwamba inatoka. Mfute kwa maandishi ushauri wa kubadilisha kompresa. Na mbadilishe oringi hiyo, mpime uvujaji mfumo mzima, mnyonye hewa kwa pampu na kujaza gesi kwa gramu za kwenye kibandiko, nikiwepo, bila kunitoza ufundi. Oringi na gesi ya safari hiyo nitalipia mwenyewe.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka barua hii na viambatisho vyake Tume ya Ushindani (FCC), yenye jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003.

Gari liko nyumbani. Naweza kulileta asubuhi yoyote, ila Jumanne ni siku ya kliniki.

Wenu,
Mteja, mwenye Toyota IST

Viambatisho: risiti za EFD, picha ya kibandiko cha boneti, video ya kipimo cha uvujaji.