Amadinda ya mzee wetu hayakuwa na kosa

Kampala

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Afrika Mashariki

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SASISHO LILILOFUTA SKELI YETU, NA MANENO ALIYOYASIKIA MZEE WETU KUTOKA KWA MHUDUMU WENU

Salamu kwako na kwa wenzako ofisini. Nimengoja siku nne kabla ya kuandika, ili nisiandike kwa hasira. Hasira haijaisha, ila nimeona nikizidi kunyamaza mtadhani nimeridhika.

Habari za leseni ya programu yenu ya kutengenezea muziki, ninayoitumia hapa studio, sitazirudia. Namba yangu mnayo, risiti mnayo, na masharti ya mauzo mliyaandika wenyewe. Naanza na siku ya Alhamisi.

Alhamisi saa nne asubuhi nilipiga simu kwenu. Niliiweka spika kwa sababu mikono yangu ilikuwa kwenye kompyuta, nikifuata maelekezo. Nyuma yangu alikuwa ameketi mzee anayetupigia amadinda, marimba ya mbao ya Baganda. Mhudumu wenu aliomba kipande cha sauti, nikamtumia rekodi halisi ya vibao, ile ya maikrofoni, isiyoguswa na programu. Akasikiliza. Kisha akasema: "Kaka, hiyo ala iko nje ya tuni. Programu yetu haina shida. Mwambie huyo mpigaji akatuni marimba yake kwanza, ndipo mrekodi." Mzee alisikia kila neno. Huyu ni mtu aliyefanya kazi katika reli ya Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na Kiswahili hakumpiti. Alinyanyuka, akaokota magongo yake mawili, akatoka.

Sasa nieleze kilichotokea ndani ya programu, maana siku ile sikuachiwa nafasi ya kumaliza.

Amadinda yana vibao 12, vinalala juu ya magogo ya mgomba, na ni sauti tano zinazojirudia kutoka chini kwenda juu. Mwezi uliopita nilipima vibao vya mzee kimoja kimoja. Kwa kipimo cha senti, ambapo oktava nzima, yaani kutoka sauti moja hadi ileile ya juu yake, ni senti 1200, sauti zake zilikaa hivi: 0, 236, 481, 719, 962, halafu oktava. Kila hatua iko karibu na 240. Ndivyo Baganda wanavyotuni: hatua tano zinazokaribiana kwa upana, na kila fundi na sikio lake. Niliziandika namba hizo katika faili la Scala, faili la maandishi la kuandikia skeli, yaani mpangilio wa sauti, nikaliingiza kwenye programu yenu kama mnavyoahidi kwenye tangazo lenu, nikalipa jina la mzee. Besi na nyuzi nilizoongeza zikamfuata yeye. Kwa wiki tatu kazi ilikwenda vizuri, na nilikuwa nawasifu kwa kila prodyuza ninayekutana naye hapa mjini.

Usiku wa Jumanne sasisho likaingia lenyewe, bila kuuliza. Menyu iliendelea kuonyesha jina la mzee, lakini kilichokuwa kinalia ni kinanda, ambacho sauti zake hukaa kwenye hatua za senti mia mia: 236 imeshushwa hadi 200, 481 imepandishwa hadi 500, 719 imekuwa 700, 962 imekuwa 1000. Hakuna onyo lolote. Kama jina lingetoweka ningeshtuka mapema. Jina lilibaki na sauti ikabadilishwa chini yake, na hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu usiku ule niliacha programu ikizitoa nyimbo tisa kuwa faili za sauti, na asubuhi kijana wangu akazipeleka kwa flashi kwenye shule iliyotuagiza. Mwalimu wa ngoma alipiga simu kabla ya saa sita mchana. Watoto walikuwa wamesimama katikati ya uwanja hawajui waingie wapi.

Mtu asiyecheza na sauti hizi ataona senti 36 au 38 ni kitu kidogo. Hesabu mwenyewe, ndugu Meneja. Hatua za mzee zilikuwa zote karibu sawa. Baada ya sasisho lenu zimekuwa 200, 300, 200, 300, 200. Wimbo wa amadinda unaweza kuhamishwa ukaanzia kibao kingine chochote kati ya vile vitano, na ukabaki wimbo uleule. Baganda wana neno lake, miko. Juu ya hatua zenu, ukiusogeza kibao kimoja tu unapata wimbo mwingine. Na si hilo tu. Wapigaji wawili huketi kuelekeana, kila mmoja akipiga katikati ya mapigo ya mwenzake, na wa tatu anashika vibao viwili vya juu kabisa. Mapigo yakishika kasi, sikio linaanza kusikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezipiga peke yake. Zinazaliwa katikati yao. Mwanafunzi wa amadinda hukaa miaka akijifunza kuzisikia. Jumatano nilikaa mbele ya spika zangu nikizitafuta, nikakuta zimehama.

Narudi Alhamisi, kwa sababu nilichoandika hapo juu hakitoshi.

Kabla mhudumu hajasikiliza kile kipande, nilimwambia wazi kwamba mpigaji mwenyewe yuko hapa, ni mtu mzima, na simu iko spika. Alijua. Aliposema "iko nje ya tuni" nilijaribu kumwambia kwamba skeli ni ya sauti tano, akanikatiza, akasema ameweka kipimo na anaona senti 36 hapa, senti 38 pale, "sasa hiyo unaitaje kaka, si ni makosa?" Nikasikia akimweleza mwenzake pembeni kwamba kuna mtu Uganda ana marimba mbovu na analaumu programu. Yule mwenzake akacheka. Kicheko kile kilitoka kwenye spika zangu kubwa, kikajaa chumba kizima. Kisha mhudumu akarudi na kusema yale ya "akatuni marimba yake kwanza". Na mimi, kwa mazoea ya simu, na kwa kutaka tu tiketi yangu ya malalamiko isifungwe, nikajibu "sawa".

Mzee alipofika mlangoni aligeuka akaniambia: "Mwanangu, na wewe umesema sawa."

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Sehemu yangu nitaijibu mwenyewe kwake. Sehemu yenu ndiyo ninayowaandikia.

Labda mhudumu wenu hajui alichokuwa anamwambia mzee afanye. Vibao vile ni vya mti wa lusambya. Kibao kikiwa na sauti ya juu mno, fundi anakichonga katikati, upande wa chini, sauti inashuka. Kikiwa chini mno, anapunguza ncha, sauti inapanda. Mti uliokwisha kuchongwa haurudi. Kumwambia mzee akatuni marimba yake yafanane na programu ni kumwambia achukue panga aharibu kwa dakika chache kazi ambayo sikio lake limeilinda miaka yote hii. Ninyi mlikuwa na mstari wa maandishi wa kurekebisha kwenye kompyuta. Yeye mlimwambia akate mti.

Na zile senti alizomhesabia. Kipimo hicho alikitoa Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885, katika andiko alilolifanya kwa kupima ala za mataifa mbalimbali, na alichokuta ni kwamba skeli za wanadamu ni nyingi na zinatofautiana sana, wala hakuna moja iliyoumbwa na maumbile. Kipimo kilichotengenezwa kuonyesha hivyo ndicho mhudumu wenu alichokitumia kumwambia mzee wa Buganda kwamba amekosea.

Jambo jingine lililoniuma nililigundua usiku wa Alhamisi. Nilifungua orodha yenu ya skeli, nikakuta zile za zamani za Ulaya, zinazoitwa kwa majina ya watu. Pythagoras yupo. Vallotti yupo. Werckmeister wa Ujerumani, wa mwaka 1691, yupo salama, na nilimpima: kutoka C hadi E anatoa senti 390, wakati kinanda cha kawaida kinatoa 400. Sasisho halikumgusa. Basi programu yenu inajua kabisa kwamba sauti inaweza kukaa nje ya zile hatua za mia mia na bado ikawa sahihi. Mnajua kulinda skeli ya kinanda cha kanisa la Ulaya cha zaidi ya miaka 300 iliyopita. Faili zilizofutwa ni zile tulizoingiza sisi wateja tu. Je, mteja wa Ujerumani akiwapigia simu kuhusu Werckmeister, mnamwambia akatuni kinanda chake?

Mniwie radhi kwa ukali, lakini hapa kwetu jambo hili halianzi na programu yenu. Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, iliposhambuliwa mwaka 1966, wapigaji wa ikulu walitawanyika, na ala zilizotuniwa kwa vizazi zikapotea. Walioshika sauti zile waliendelea nazo vichwani mwao. Rekodi za mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann za miaka ya mwisho ya 1940 na ya mwanzo ya 1950 zina nakala zake Makerere, na ukienda kuzisikiliza unasikia sauti hizihizi. Vijana wengi siku hizi wanatuni adungu, vinubi vya kwetu, kwa kinanda ili ziende na gitaa, na siwalaumu, kila mtu na soko lake. Lakini mimi niliwalipa ninyi shilingi 1,340,000 mahususi ili nisilazimike kufanya hivyo.

Siku ya Ijumaa nililetewa barua pepe yenu ikinishauri nitumie gurudumu la kupinda sauti, kila sauti katika chaneli yake. Nilishafanya hivyo Jumatano usiku kabla hata ya kuwapigia. Kupinda kunavuta chaneli nzima, kwa hiyo ilinibidi nigawe kila ala mara tano, nyimbo tisa, ala nne. Nimekesha usiku tatu na nimemaliza nyimbo mbili. Barua pepe hiyo haikutaja simu ya Alhamisi hata kwa neno moja. Mwishoni iliandikwa: "Tunaona tatizo lako limetatuliwa." Tiketi ikafungwa.

Ninachoomba ni hiki. Nirudishieni toleo la kabla ya sasisho, lifanye kazi kwenye leseni yangu, na programu isijisasishe tena bila idhini yangu. Faili la mteja likishindwa kusomeka, programu iseme hivyo kwa maandishi makubwa, isiweke kinanda chini ya jina la mtu mwingine.

Hilo ndilo nililotaka kuomba siku ya Jumatano. Leo halitoshi tena. Nataka pia shilingi 450,000 nilizoirudishia shule, na malipo ya siku sita ambazo studio imesimama. Na kama toleo la zamani haliwezekani, nataka leseni irejeshewe pesa yake yote. Tafadhali msiniandikie kuhusu siku 14 za kurejesha pesa. Kilichoharibika kiliharibiwa na ninyi, baada ya siku hizo kwisha.

Nawapa siku kumi za kazi tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, wakala wenu wa hapa Kampala nitamfikisha mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, unaosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na hauhitaji wakili. Nina rekodi za kabla na baada, nina vipimo, nina mwalimu wa shule aliye tayari kusimama shahidi. Pia nitacheza rekodi hizo mbili, moja baada ya nyingine, mbele ya maprodyuza na walimu wa muziki ninaowajua kutoka hapa hadi Arua, na nitawaambia zimetoka katika programu ipi. Sitaongeza neno. Wenye masikio watajisikilizia.

Lakini kuna dai moja ambalo pesa hailifuti na mahakama sitaipelekea. Yule mhudumu, au wewe mwenyewe ndugu Meneja kama yeye hawezi, apige simu kwenye studio yangu siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Nitakuwa nimemwomba mzee aje. Sijui kama atakubali, ila nitakwenda kwake mwenyewe kumwomba. Simu itawekwa spika kama siku ile. Aambiwe kwa Kiswahili, kwa heshima anayostahili mtu wa umri wake, kwamba amadinda yake hayakuwa na kosa.

Wenu,

Mmiliki wa studio, Kampala

Viambatisho: rekodi mbili, picha ya menyu baada ya sasisho, faili la skeli
Nakala: wakala wenu, Kampala