Ukanda ufike Maebashi

Japani, Desemba

Baba na Mama wapendwa, pamoja na mdogo wangu,

Hamjambo nyote? Mimi ni mzima kabisa, ila baridi imekaza. Najua mnashangaa mbona siku hizi nikipiga simu naongea kidogo tu na kuaga. Ni maandalizi, na mengine hayaenei kwenye simu, ndiyo maana nimeketi kuandika.

Tarehe 1 Januari timu za makampuni ya Japani zitakimbia ekiden ya mwaka mpya, yaani mbio ndefu za barabarani za kupokezana, mkoani Gunma. Timu yetu ilifuzu Novemba kwenye mchujo wa kanda, na tangu hapo hakuna kingine kinachozungumzwa bwenini.

Baba, uliniuliza mtu atazikimbiaje kilomita 100. Tunazigawana watu saba. Mbio zinaanza saa tatu na robo asubuhi mbele ya ofisi za mkoa mjini Maebashi, na timu ya kwanza hurudi palepale mnamo saa nane mchana. Hatupokezani kijiti. Tunapokezana ukanda wa kitambaa unaoitwa tasuki, unaovaliwa begani na kukatiza kifua hadi kiunoni upande wa pili. Ukanda uleule unaoondoka na mtu wa kwanza ndio unaotakiwa kuvuka mstari wa mwisho kifuani mwa mtu wa saba.

Huo ukanda tunaufanyia mazoezi kama vile tunavyofanyia miguu. Anayemaliza anauvua akiwa bado na mita mia kadhaa mbele yake, anauzungusha kiganjani usije ukamponyoka, kisha akikaribia kituo anauvuta kwa mikono miwili ukae kama kamba iliyokazwa. Anayepokea anaukamata katikati na kuondoka papo hapo. Anauvaa akiwa tayari anakimbia: kichwa kinapita, mkono unapita, unavuta ncha mpaka ukubane, halafu ile ncha inayobaki unaichomeka kwenye kaptura isikupigepige mapajani. Mimi naufanyia mazoezi nikiwa na glavu, kwa sababu siku yenyewe vidole vitakuwa vimekufa ganzi, na ukanda utanifikia umelowa jasho la watu watatu walionitangulia. Kitambaa kilicholowa hakitelezi vizuri begani. Kocha anasimama kando na saa yake, na tukikosea tunarudia, hata kama giza limeingia.

Sheria ya mbio hizi ni kwamba mkimbiaji wa kigeni anaruhusiwa kukimbia kipande kimoja tu kilichotengwa. Hadi 2023 kilikuwa cha pili. Tangu 2024 ni cha nne, hakifiki hata kilomita 8. Kirefu kuliko vyote sasa ndicho cha pili, karibu kilomita 22, na hicho ni cha Wajapani wenyewe. Katika timu yetu tuko Wakenya wawili. Barabarani ataingia mmoja. Mwenzangu na mimi tunapika pamoja, tunakimbia pamoja alfajiri kabla ya kazi, tunasukumana kwenye mazoezi ya kasi mpaka mmoja wetu aombe tupunguze, na kocha hajatamka ni nani. Mama, nakujua, usianze kukosa usingizi. Tumeshakubaliana sisi wawili: asiyechaguliwa ndiye atakayekwenda na mwenzake kituoni, amshikie koti hadi dakika ya mwisho, asikilize namba ya timu yetu ikitangazwa na amwambie tuko nafasi ya ngapi. Hiyo nayo ni kazi ya timu na nitaifanya kwa moyo wote ikiniangukia.

Ikiwa ni mimi, shida itakuwa kilomita ya kwanza. Kipande kifupi kinamshawishi mtu atoke kama mshale, hasa akiona migongo ya watu mbele yake. Kila mtu anatarajia mgeni apite wengi. Lakini ukichoma nguvu zote kuwafikia, kilomita mbili za mwisho zinakudai, na deni lako analirithi anayekusubiri. Kisha kuna upepo. Gunma wakati wa baridi ina upepo mkavu unaoshuka kutoka milimani, upande wa Mlima Akagi, na wenzetu wa vipande vya mwisho hukutana nao uso kwa uso. Kwa hiyo kila sekunde nitakayompa mtu wa tano atakwenda kuitumia huko kwenye upepo. Nikiwaza hivyo miguu inapata adabu.

Siku mbili zinazofuata, tarehe 2 na 3, wanafunzi wa vyuo vikuu wanakimbia ekiden ya Hakone, kutoka Tokyo hadi milimani na kurudi, zaidi ya kilomita 200, watu kumi kila timu. Mashindano hayo yalianza 1920. Huko timu ikichelewa mno, mkimbiaji anayefuata anaachiliwa bila kusubiri, akiwa amevalishwa ukanda mwingine. Nimemwona kwenye televisheni kijana akifika kituoni na ukanda mkononi, na hakuna wa kumpa. Alianguka chini akalia. Sikumcheka, na hakuna aliyemcheka mle chumbani.

Mdogo wangu, sasa nakuja kwako. Umeandika kwamba unataka kuja kusoma sekondari huku kwa njia ya mbio. Najua unamfikiria Samuel Wanjiru, aliyekuja Sendai akiwa mwanafunzi na 2008 akachukua dhahabu ya marathoni Beijing. Njia hiyo ipo bado, ila imebanwa. Kwenye ekiden ya taifa ya sekondari, inayokimbiwa Kyoto kila Desemba, tangu 2024 mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa vipande vya kilomita 3 tu. Wewe nguvu yako iko kwenye kilomita 10. Kwa maoni yangu umalize shule hapo nyumbani kwanza, ukue, kisha uangalie timu za makampuni au vyuo. Baba atasema uamuzi ni wake, na kweli ni wake, lakini mimi nimeshasema.

Mbio zikianza, kwenu itakuwa saa tisa na robo usiku. Msiamke. Nitapiga simu mkishaamka, nikimbie nisikimbie. Mama, soksi nzito ulizonitumia ndizo ninazolalia. Mdogo wangu, niandikie muda wako wa mchujo, na uuandike wa kweli, si wa kukadiria.

Mwanenu na kaka yako