Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, Tororo, Uganda

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, nawasalimu nyote. Nawashukuru mliofika. Mko 26 kati ya 64, na viti tulikodi 60. Hilo nitalirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua. Chanjo ilifanyika, dawa ya kupe tuliinunua kwa pamoja mara 3, matete ya kulisha ng'ombe yakapandwa, na mafunzo ya usafi wa maziwa yakafanyika Agosti. Mapato yalikuwa shilingi 4,180,000, matumizi 3,950,000. Daftari analo mweka hazina, anayetaka alisome.

Sasa jambo linalosemwa sokoni na hata misibani, kwamba mwenyekiti aliamua peke yake kuleta mbegu ya kupandishia ng'ombe wetu ya Jersey badala ya Friesian, aina mbili za ng'ombe wa maziwa wa kizungu. Si kweli. Kamati ilipiga kura mwezi wa tatu, 5 kwa 3, na muhtasari upo. Safari ya kwenda Entebbe kwenye kituo cha taifa cha mbegu niliigharimia mimi mwenyewe, chama hakikutoa hata shilingi moja.

Friesian ndiye bingwa wa wingi wa maziwa, sibishani na mtu. Lakini ni mnyama wa kilo 600 na zaidi, na anakula kwa kadiri ya mwili huo. Joto la hapa kwetu linamtesa: saa nane mchana utamkuta amesimama anahema, matete hayagusi. Jersey ana kilo 400 na kitu, na jua analivumilia vizuri zaidi. Tena ng'ombe wengi tunaopandisha ni wa kienyeji, wadogo wa nyonga. Mwaka juzi tulipoteza mitamba 2 kwa ndama wa Friesian kukwama. Usiku wa yule wa pili nilikuwa zizini na daktari wa mifugo, tunavuta kamba hadi alfajiri, na mtamba akafa mikononi mwetu. Ndama wa Jersey huzaliwa mdogo, mama anajifungua kwa urahisi. Hilo peke yake lilinitosha.

Tuje kwenye maziwa. Ya Friesian mafuta yake kwa kawaida ni kati ya asilimia 3.5 na 4, ya Jersey ni karibu 5, na protini nayo imezidi. Kwa hiyo kilo moja ya mafuta unaipata katika lita kama 20 za Jersey, wakati kwa Friesian wa asilimia 3.6 unahitaji kama 28. Nilijaza chupa mbili za kioo, moja maziwa ya Jersey wangu, nyingine ya Friesian wa jirani, nikaziacha mahali pa baridi usiku kucha. Asubuhi malai ya chupa yangu yalikuwa mazito, ya manjano, na yameshuka kuipita kabisa ile nyingine. Ule umanjano ni karotini ya majani mabichi, ambayo Jersey na jamaa yake Guernsey huipitisha kwenye maziwa kuliko aina nyingine. Ng'ombe wa Ankole naye maziwa yake ni mazito, ila ni machache, hayalipi ada ya shule.

Mnasema mnunuzi analipa kwa lita, hapimi mafuta. Ni kweli, na inaniuma. Ndiyo maana nimesisitiza samli na mtindi: huko uzito unalipwa. Ni kweli pia kwamba ndama dume wa Jersey hana bei kwa mchinjaji, na kwamba Jersey huanguka kwa homa ya maziwa baada ya kuzaa, kalsiamu ikipungua mwilini. Mwanachama mmoja aliponea chupuchupu kumpoteza ng'ombe wake Oktoba. Lakini daktari alipomtia kalsiamu kwenye mshipa, alisimama kabla ya jua kuzama. Tumwite daktari mapema, tusingoje kesho yake. Kati ya ng'ombe 31 waliopandishwa, 19 wameshika mimba. Nawaomba mngoje ndama hao kabla ya kunihukumu.

Mahudhurio yananisikitisha sana. Mikutano 4, na mara 2 hatukutimiza akidi. Wanaopinga uamuzi kwa sauti kubwa hawakuwepo siku ya kuujadili. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka na waliolipa ni 23 tu. Wapo wenye deni la miaka 3 ambao ng'ombe wao walipandishwa kwa fedha za wenzao. Nimewapigia simu, nimewafuata kwa bodaboda hadi nyumbani.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatumaini kupata mashine ya kutenganisha malai, na kipimo cha mafuta ili tuzungumze na wanunuzi tukiwa na ushahidi. Fedha zikipatikana tutaangalia na tangi la kupoozea.

Mweka hazina ameketi mlangoni na kitabu cha risiti. Mwenye deni amwone kabla ya chai.

Mwenyekiti