Barua kwa mdogo wangu: profesa wa upasuaji wa moyo ana nini zaidi

London

Mdogo wangu Yusufu,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba na Mama, na kwa wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Umeuliza profesa wa upasuaji wa moyo ana nini ambacho daktari bingwa mwingine wa moyo hana, na Baba naye anataka kujua ni kazi ya miaka mingapi. Nianze na swali la Baba, maana ndilo jepesi.

Huku ukimaliza shahada ya udaktari, miaka 5 au 6, kuna miaka 2 ya mafunzo ya msingi hospitalini, kisha 7 au 8 ya upasuaji wa moyo na kifua. Katikati ya hiyo, anayeitaka njia ya uprofesa hutoka thieta, yaani chumba cha upasuaji, miaka 3 hivi akafanye PhD. Zipo nafasi zilizogawanywa tangu mwanzo: ngazi ya chini robo ya muda ni utafiti, ngazi ya juu nusu kwa nusu. Jumlisha mwenyewe umri utakaokuwa nao. Anayekuja na shahada ya nyumbani kwa kawaida hupitia PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje ya Uingereza, wenye sehemu mbili, na mtihani wa Kiingereza wa IELTS, alama 7.5 kwa jumla bila kushuka chini ya 7.0 popote. Sehemu ya kuandika ndiyo huwakwamisha wengi, kwa hiyo ianze mapema.

Sasa lako. Mchukue Magdi Yacoub, mpasuaji wa moyo na Mwafrika mwenzetu. Alizaliwa Bilbeis, Misri, mwaka 1935, akahitimu Chuo Kikuu cha Cairo 1957, akaja Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye alianza kazi Harefield, hospitali iliyo pembezoni kaskazini-magharibi mwa London, na kuanzia 1980 ikawa moja ya vituo vikubwa duniani vya kupandikiza moyo. Uprofesa aliupata 1986. Watu humsifia vidole vyepesi. Ni kweli anavyo, lakini thieta za mji huu zimejaa watu wenye vidole. Kumwelewa, mtazame kwenye operesheni moja, ile ya Ross, iliyoanzishwa London mwaka 1967 na Donald Ross, mzaliwa wa Afrika Kusini.

Valvu ni kilango kinachozuia damu kurudi nyuma, na aota ni mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini. Valvu ya aota ikiharibika, inakatwa, na mahali pake inawekwa valvu ya mshipa wa mapafu ya mgonjwa mwenyewe. Pale ilipotolewa inawekwa valvu ya mtu aliyefariki, iliyokuwa imegandishwa na kuhifadhiwa. Valvu mbili zinaguswa kwa ugonjwa wa moja. Wapo wapasuaji wanaoona huo ni wazimu. Lakini valvu ya bandia ya kudumu humfunga mgonjwa na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na ya tishu ya mnyama huchakaa upesi ndani ya mwili wa kijana. Ya mwenyewe haihitaji wafarini, na kwa mtoto hukua naye.

Kifua hupasuliwa kwa msumeno katikati ya mfupa wa kidari. Heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, huingia, uniti 300 hivi kwa kilo, na hatuwashi mashine ya moyo na mapafu mpaka kipimo cha muda wa kuganda damu kivuke sekunde 400; wengi husubiri 480. Ukiharakisha, damu itagandia ndani ya mashine. Mrija mmoja kwenye aota, miwili kwenye vena kava, mishipa inayorudisha damu moyoni, mwili unapozwa hadi nyuzi 30 hivi, aota inabanwa, moyo unasimamishwa kwa maji baridi yenye potasiamu, na dozi inarudiwa kila baada ya dakika 20 hivi.

Pagumu ni hapa. Valvu ya mapafu hutolewa na kipande cha mshipa wake, pamoja na ukingo wa msuli wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia, milimita 3 hadi 5 tu chini ya valvu. Nyuma yake, ndani ya nyama ya ukuta unaotenganisha ventrikali, limejificha tawi la kwanza la mshipa unaolisha ukuta huo. Kisu kikizama kidogo tu, ukuta unakufa, na moyo unakataa kubeba kazi unapofika wakati wa kuachana na mashine. Kisha valvu inashonwa mahali pa aota kwa uzi mwembamba wa plastiki, na vinywa viwili vya mishipa ya korona, inayolisha moyo wenyewe, vinapandikizwa upya, kila kimoja na kiraka chake cha ukuta wa aota. Kiraka kikishonwa kimepinda, mshipa hukunjika moyo ukijaa damu, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hubadilika.

Hayo yote bingwa hodari hujifunza. Kazi ya profesa ni swali linalofuata: je, usumbufu huu unamfaa mgonjwa miaka 10 baadaye? Kati ya 1994 na 2001 wagonjwa watu wazima waligawanywa kwa bahati nasibu, 108 kila upande. Hawa walifanyiwa Ross, wale waliwekewa valvu ya marehemu moja kwa moja kwenye aota, na wote walipasuliwa na mtu mmoja, Yacoub mwenyewe. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: baada ya miaka 10 waliokadiriwa kuwa hai ni asilimia 97 upande wa Ross na 83 upande wa pili. Tazama tarehe. Kutoka mgonjwa wa kwanza hadi karatasi ni miaka 16, na muda wote huo kuna mtu anafuatilia nani yu hai.

Usikimbilie kusema basi operesheni hii ihamie nyumbani kama ilivyo. Kwetu valvu nyingi za vijana zimeharibiwa na homa ya rumatiki, inayoanza na mafindofindo yasiyotibiwa, na homa hiyo ikirudi huishambulia hata valvu uliyoihamisha. Tena inayoumia zaidi ni ya mitra, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, na Ross haiisaidii. Kwa binti wa miaka 22 kutoka kijijini, valvu ya bandia ya mitra maana yake ni wafarini kila siku na INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kati ya 2.5 na 3.5. Akipata mimba, wafarini kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kumdhuru mtoto, na akiiacha valvu inaweza kuziba kwa damu iliyoganda. Nani atampimia INR, na wapi? Hilo ni swali la kiprofesa hasa, na naona linawangoja watu wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hapo Muhimbili kuliko wa huku. Wakati huohuo sindano ya benzathini penisilini, uniti milioni 1.2 kila wiki 4 kwa mtu mzima, huokoa valvu bila kisu.

Kuhesabu vifo si hiari huku. Uchunguzi wa upasuaji wa moyo wa watoto katika mji wa Bristol, uliotolewa 2001, ulikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 walikufa watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka mmoja zaidi ya ilivyotarajiwa. Baada ya hapo matokeo ya wapasuaji yakaanza kuwekwa hadharani, yakipimwa kwa uzito wa ugonjwa ili anayepokea wagonjwa mahututi asionekane mbovu kuliko anayechagua wepesi.

Wewe anza na mambo mawili. Nunua moyo wa ng'ombe buchani, na umwombe muuzaji asikate mirija ya juu. Mara nyingi utaukuta umechanjwa na mkaguzi wa nyama anayetafuta minyoo. Haidhuru, valvu huwa zimebaki. Itafute ya mapafu, uitoe na ukingo wake wa msuli, kisha upime kwa rula umeacha milimita ngapi.

La pili, omba ruhusa ya hospitali ufungue daftari la wagonjwa wa valvu unaoshiriki kuwahudumia: namba badala ya jina, umri, uzito, operesheni, dakika za kubana aota, hali siku ya 30, hali baada ya mwaka. Nambari za simu weka kwenye orodha ya pembeni inayofungiwa. Chukua mbili, ya mgonjwa na ya jirani au balozi wa nyumba kumi, kwa kuwa watu hubadilisha laini. Asiyepatikana mwandike "hajapatikana", kamwe usimwandike hai. Matokeo mengi mazuri mno yametengenezwa hivyo.

Msalimie Mama, na mwambie Baba jibu la miaka lipo aya ya pili.

Dada yako,
Rukia