Barua kwa vijana wangu mnaohubiri

Bwana Yesu asifiwe vijana wangu.

Nimekaa kimya muda mrefu nawasikiliza tu, na niseme ukweli nyie mnajua kuongea. Slaidi zimepangwa, Kiyunani kimo, utani unaingia pale pale watu wanapoanza kusinzia. Mimi enzi zangu sikuwa na hata robo ya hayo. Lakini juzi mlikuwa mnapanga zamu na nikasikia swali moja tu linarudiwa, nani anajua kushika watu, nani anajua kushika watu, kuomba hakuna aliyekutaja, hapo ndo nikaona bora niandike.

Hebu fungueni 1 Wakorintho 2. Paulo anasema alifika kwao katika udhaifu na hofu na matetemeko mengi. Matetemeko jamani! Mtu aliyelelewa miguuni pa Gamalieli huyo, torati yote kichwani, anatetemeka. Alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi 6, akishona mahema na Akila na Prisila, na ukisoma Matendo 18 Bwana alimtokea usiku akamwambia usiogope, bali nena, wala usinyamaze. Sasa mtu asiyeogopa anaambiwa usiogope ya nini? Na baadaye watu hao hao wakamsema, barua zake nzito ila akija mwenyewe dhaifu, maneno yake si kitu. Kwa viwango vyenu vya juzi Paulo asingepata zamu.

Kuna wahubiri husema alitumia elimu kule Athene ikagoma ndo akaiacha, mi hiyo siichukui, Biblia haijasema hivyo na Athene kuna watu waliamini, Dionisio na yule mama Damari. Kwa hiyo asije mtu akasema mzee kakataza kusoma. Someni! Apolo alikuwa msomi wa Aleksandria, hodari wa maandiko, na alipopungukiwa Prisila na mumewe walimchukua wakamfundisha vizuri zaidi, hakuna aliyemwambia atupe vitabu. Ninachouliza mimi ni huyo mtu aliyeokoka kwenye mahubiri yako ameegemea nini, maana kwenye ile 1 Wakorintho 2 mstari wa 5 Paulo anataka imani yao iwe katika nguvu za Mungu, sio hekima ya wanadamu, na mnajua wenyewe, uliyemvuta kwa hoja akija mwenye hoja kali kuliko zako anaondoka naye mchana kweupe.

Haya nayajua kwa sababu yamenikuta. Kuna siku nilihubiri mpaka nikajipongeza moyoni, daftari limejaa, pointi saba, watu wanaitikia kila sentensi. Nimeshuka, baba mmoja kanifuata mlangoni, kofia kaikunja mkononi, akasema mzee umenena vizuri sana, ila mke wangu madaktari wamesema tumrudishe nyumbani, sasa usiku wa leo nikakae naye vipi? Nikafungua daftari. Wallahi, nilifungua daftari pale pale mbele yake, nikapekua pointi ya kwanza hadi ya saba, hakuna kitu. Nikalifunga nikamwambia ndugu yangu mimi sijui, twende. Tukakaa na yule mama mpaka alfajiri, sala zangu zilikuwa fupi za kukatika katika, hata aibu. Hakupona, alifariki. Lakini yule baba anasali mpaka leo, na hajawahi kunikumbusha hata pointi moja, anachokumbuka ni ule usiku, anasema Mungu alikuwa mle chumbani.

Sasa kuna mwenzenu mmoja ana kigugumizi, mnamjua, kila mara zamu inamruka na yeye anatabasamu tu anaenda kupanga viti. Ndiye huyo huyo mnayempigia simu usiku mkiwa na shida, msibishe. Jumapili ijayo mpeni mahubiri. Akikwama msimmalizie neno, msubirini, mimi nitakuwa benchi la mbele.

Mzee wenu